Masika ya Kungoja Sebene

Jumapili, 3 Machi

Mvua imeanza leo, na Gaju amekuja na habari. Naandika kwa sababu nikisema sokoni, kesho yake neno langu linanirudia likiwa limenenepa, na anayelilisha ni Maman Odette wa meza ya jirani.

Gaju ni binti yangu, mtoto pekee niliye naye. Anaolewa na Nshuti Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita. Mahari imekwisha kupokelewa. Ng'ombe alikuja kwangu mimi, Balagizi, mbele ya watu wote, na yule mume wa mama yake alikaa safu ya pili akipiga makofi. Usiku ule nililala kama mtoto.

Leo tukafika kwenye mambo ya ukumbini. Kuna ile dansi ya baba na binti, wimbo mmoja, watu wote wamekaa wanatazama. Nikamwambia asihangaike, rumba zote za ujana wangu ninazo, achague tu. Akatazama vidole vyake.

"Papa, tulishachagua. Itakuwa jazz."

"Jazz ya nani?"

"Papa Christophe alitusikilizisha. Nshuti anaipenda. Na mimi niko naipenda tangu niko mutoto."

Tangu akiwa mtoto! Mtoto wa nani?

"Na utacheza na nani?"

"Nipe muda, Papa. Ule muziki haiko wa kuvutana. Muntu asipousikia atanikanyaga."

Basi mambo ndiyo hayo. Baba wawili, wimbo mmoja. Christophe-Aimé ana famasia hapa Kamembe, upande huu wa Rwanda, ana miwani yenye kamba shingoni, na anaongea polepole kama anayesoma karatasi ya dawa. Mukamurenzi, mama yake Gaju, aliniacha akaenda kwake mtoto akiwa ndiyo kwanza anaanza shule. Sababu sitaziandika. Mimi namwita Bwana Famasia, na hata hiyo ni heshima.

Jumatatu, 4 Machi

Gaju amenitumia wimbo kwenye simu. Nimeutazama. Sijaufungua.

Jumatano, 6 Machi

Nimeufungua.

Sisi tuliokulia Bukavu, ng'ambo ya mpaka, Kongo, tunajua wimbo una adabu yake. Unaanza polepole, mwimbaji analia mapenzi yake, wewe umekaa, unakunywa, unangoja. Halafu gitaa linabadilika, ngoma zinaamka. Hiyo ndiyo sebene, na hapo hata mwenye goti bovu anasimama. Ndiyo sababu tunavumilia yote yaliyotangulia.

Sasa huu. Tarumbeta iliimba kitu kizuri, siwezi kukataa, kitu chenye huzuni kidogo. Nikasema haya, huo ni mwanzo. Nikavua koti. Mara tarumbeta ikauacha wimbo ikaenda zake. Piano nayo ikaenda zake. Hakuna anayeimba, hakuna hata neno moja la mtu kushika. Nikangoja. Wimbo ukaisha nikiwa nimesimama katikati ya nyumba, koti mkononi.

Nikarudia, labda sebene ilipita wakati navua koti. Haikupita.

Jumamosi, 9 Machi

Nimeupiga mezani kwangu, kati ya vitenge. Maman Odette alistahimili kidogo tu.

"Papa Gaju, iyo simu imeharibika?"

"Ni jazz."

"Hao bantu bako banagombana?"

"Banasikilizana."

"Ee! Na kila mumoja anajisemea yake?" Akanitazama vizuri. "Weye uko na wivu."

"Wivu wa nini?"

"Wa ule wa famasia. Angalia vile uko nakunja kitenge, ni kama uko namunyonga."

Nikatazama. Kweli kilikuwa kimekunjwa vibaya.

Jumapili, 10 Machi

Mvua. Tarumbeta. Hakuna kitu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimefanya ujinga. Niliingia famasia kujionea tu. Gaju alikuwa nyuma ya kaunta anakula mahindi ya kuchoma, na Bwana Famasia naye ana kipande chake, na muziki uko chini chini. Walikuwa hawaongei. Hicho ndicho kilichoniuma. Mimi na Gaju tukinyamaza, kila mmoja anatafuta neno. Wao walinyamaza kama watu walioshiba.

"Papa, unatafuta dawa gani?"

"Ya kikohozi."

"Huna kikohozi."

Nikakohoa. Bwana Famasia akavaa miwani yake, akaniuliza kinakuja usiku ao mchana, akanishauri ninywe maji ya moto na asali. Nikamshukuru! Nimefika nyumbani ndipo hasira ikanipata.

Jumapili, 17 Machi

Ule mwanzo wa tarumbeta sasa naujua. Naupiga mluzi nikinyoa ndevu. Lakini kila wakiuacha, mimi nabaki njiani na mluzi wangu.

Nimesikia kuna kundi kutoka Bukavu litapiga jazz Jumamosi mchana katika hoteli moja ya kando ya ziwa. Bwana Famasia amewaalika wote, Mukamurenzi, Gaju na Nshuti. Mimi sikualikwa. Basi nimejialika mwenyewe. Mpuliza saksofoni ni Elikia, kijana wa Kadutu, mtaa wa kwetu Bukavu, na baba yake namfahamu. Nimepata wazo, tena zuri sana.

Jumamosi, 23 Machi

Nitaandika yote.

Nilivaa suti ya bluu na viatu vya ngozi, na mvua ikaviharibu kabla sijafika. Nikapita moja kwa moja nyuma ya jukwaa, nikamkuta Elikia anafuta saksofoni yake. Kwetu, mtu akitaka kuheshimiwa na wanamuziki anawapa kitu, nao wanamtaja jina katikati ya wimbo. Tunaita kutupiwa libanga. Nimewahi kutajwa hivyo harusini Bukavu, na kwa mwezi mzima watu walinisalimia kwa mikono miwili. Gaju alikuwa mgongoni kwa mama yake, na mama yake alicheka siku ile.

"Mutoto wa Kadutu," nikamwambia, "utanitupia libanga. Mimi na binti yangu."

"Papa, hapa hakuna mwimbaji."

"Si uko na mdomo?"

Nikamshikisha bahasha. Akacheka, akaiweka mfukoni. "Sawa, Papa. Utanionyesha saa gani."

Nikakaa meza ya pembeni. Wao walikuwa mbele. Wakapiga kwanza wimbo mmoja, kisha mwingine, na watu wametulia kama wako kwenye misa. Halafu wenzake wote wakaacha vyombo, akabaki yule wa besi, lile gitaa kubwa linalosimamishwa kama mtu. Anapapasa nyuzi, sauti ni ndogo, mvua inamshinda. Nikasema basi, hapa hakuna kinachoendelea, hii ndiyo nafasi.

Lakini kabla sijampa Elikia ishara nilimtazama Gaju. Bwana Famasia alikuwa amevua miwani, amefumba macho, kichwa kimelala kidogo upande wa kushoto. Na Gaju kando yake amefumba macho, kichwa kimelala upande ule ule. Binti yangu! Kichwa kile nilikishika mimi siku alipozaliwa. Nikampungia Elikia mkono. Akasita. Nikampungia tena.

Akashika maikrofoni. "Papa Balagizi eeeh! Mfalme wa vitenge vya Kamembe! Papa mzazi! Gaju wa Balagizi! Gaju wa damu!"

Hayo ya mzazi na damu ni mimi niliyemwandikia kwenye bahasha.

Yule wa besi akasimamisha mkono. Mhudumu mmoja akapiga makofi, akaona yuko peke yake, akaacha. Mimi nilikuwa nimesimama tayari, nangoja Gaju asimame apunge kitambaa, kama inavyofanyika. Gaju akafunika uso kwa mikono, akatoka. Nikamfuata hadi barazani. Ziwa lilikuwa halionekani kwa mvua.

"Gaju, nilitaka bantu bajue..."

"Papa, ulikuya kusikiliza ao ulikuya kusikilizwa?"

Nikarudi nyumbani kwa mguu, kwenye mvua.

Jumapili, 24 Machi

Amekuja baada ya misa. Hakukaa.

"Nitacheza na Papa Christophe."

"Ju ya libanga?"

"Hapana. Ju nikicheza na weye nitakuwa nakulinda. Ukasirike, usikasirike, unaangalia nani, nani amekutazama vibaya. Tangu niko mutoto niko nakulinda, Papa. Iyo siku moja sitaki kulinda muntu."

Nikamwambia sawa. Alipoondoka nikakipiga kiti teke. Mguu bado unauma.

Ng'ombe kwangu, dansi kwake. Na watu watatazama dansi. Ng'ombe nani atamleta ukumbini?

Jumapili, 31 Machi, Pasaka

Nimekula peke yangu. Nyama ilikuwa ngumu.

Jumatatu, 8 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari. Hakuna muziki mjini. Mchana tumefunga biashara, tukaenda kwenye mazungumzo ya mtaa. Mama mmoja alisimama akaeleza ya kwake, hakuna aliyekohoa wala aliyemkatiza. Nilikaa muda mrefu bila kusema neno. Sikumbuki mara ya mwisho niliweza.

Jumamosi, 20 Aprili

Nimerudia kuufungua ule wimbo. Sijui kwa nini. Dansi imekwisha kwenda kwa mwingine, ningeufuta nipumzike. Lakini nataka kujua ni nini walichokuwa wakisikia siku ile wamefumba macho. Nikafumba macho na mimi, nikalaza kichwa kushoto. Nikapata maumivu ya shingo.

Jumamosi, 27 Aprili

Umuganda wa mwezi, ile kazi ya pamoja ya kila mtaa, na sisi wa mtaa wetu tumepangiwa kuzibua mifereji iliyojaa tope la mvua. Kiongozi anatugawa wawili wawili. Mungu na hasira zake, amenipanga na nani? Na Bwana Famasia, amevaa buti mpya, ameshika beleshi kama ameshika mtoto wa mtu.

Tulichimba hadi nusu ya mfereji. Mwishowe akafungua mdomo.

"Monsieur Balagizi, Gaju aliniambia bado unausikiliza ule wimbo."

"Nausikiliza ju nataka."

"Unausikilizia wapi?"

"Kwenye simu. Wapi tena?"

Akacheka, si kwa dharau, lakini mimi niliichukua kama dharau. "Simu haina tumbo. Kuna muntu mumoja ndani ya ule wimbo, simu haiwezi kumufikisha kwako. Kuya nyumbani siku moja, utamusikia."

Nikamwambia sina nafasi. Nikatupa tope karibu na buti zake, moja ikapata doa. Akalitazama, akaendelea kuchimba.

Jumatano, 1 Mei

Muntu gani huyo?

Jumamosi, 4 Mei

Nimekwenda. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya kuonyesha kwamba sina kinyongo, na kinyongo nilikibeba hadi mlangoni.

Kwanza niandike kilichonipata kabla ya muziki. Kwenye fremu ya mlango wa jikoni kuna mistari ya kalamu, mmoja juu ya mwingine, kila mmoja una tarehe. Ni urefu wa Gaju. Mwaka hadi mwaka, kutoka kiunoni kwangu hadi kidevuni. Nyumba imepakwa rangi upya, naona, lakini ile fremu waliikwepa. Nilisimama pale nikajifanya nafunga kiatu. Kwangu hakuna hata mstari mmoja. Kwangu alikuwa anakuja Jumapili, na Jumapili mtu haonekani akikua.

Mukamurenzi alileta chai. Alinitilia sukari bila kuniuliza, kama zamani, akaikoroga, akagundua alichofanya, akaenda jikoni. Bwana Famasia aliona. Akapangusa miwani yake muda mrefu mno.

Ana spika mbili ndefu kama makabati. Akauweka wimbo, akasema neno moja tu: "Chini."

Na Mungu wangu, huyo mtu alikuwepo! Besi. Toka mwanzo mpaka mwisho alikuwa chini ya tarumbeta, chini ya piano, anatembea, hatua moja baada ya nyingine, hapumziki, hajionyeshi. Tarumbeta ikienda mbali, yeye yuko. Piano ikichanganyikiwa, yeye yuko. Nimeusikiliza wimbo huu tangu mvua ianze, na siku zote kulikuwa na mtu mzima ndani ambaye sikumsikia.

Sikusema hayo. Nilisema, "Ndiyo, iko sauti fulani." Akatabasamu. Nilimchukia kwa lile tabasamu, na nikamwomba aurudie.

Jumapili, 5 Mei

Simu haifai kabisa. Nampigia besi kwa mguu mwenyewe.

Jumamosi, 11 Mei

Nimekwenda tena. Nikamuuliza kile kinachonitesa: wakiisha kuimba ule mwanzo, wimbo wanaupeleka wapi? Mbona wanaupoteza?

"Haujapotea," akasema Christophe-Aimé. "Weye uuimbe moyoni, tangu mwanzo, polepole, usiuache. Waache batembee. Utaona bako banauzunguka tu. Ukiumaliza, unauanza tena. Na siku tarumbeta inarudi, utakuwa pale pale unamungoja."

Nikajaribu. Mara ya kwanza nilipotea kwenye piano. Ya pili nilipotea kwenye ngoma. Ya tatu nikafunga mdomo, nikaimba ndani kwa ndani, mguu kwenye besi. Tarumbeta ikaruka, ikalia, ikacheka, na mimi naimba ule wimbo wake chini chini, na kweli, ilikuwa inauzunguka kama mbuzi kwenye kamba. Na iliporudi, ilinikuta. Neno kwa neno, ingawa hakuna maneno.

Nilipiga kelele. Mukamurenzi akatoka jikoni akidhani nimeungua.

Halafu nikakumbuka kwamba haya yote Gaju aliyajua katika sebule hii hii, kwenye kiti hiki hiki, na mimi nikiwa hapo mtaa wa pili nakunja vitenge. Nikaaga haraka.

Jumanne, 14 Mei

Maman Odette anasema siku hizi nakunja vizuri. Nikamwambia ashughulike na meza yake.

Jumamosi, 18 Mei

Leo hatukusikiliza sana. Umeme ulikatika tukiwa tumekaa, tukabaki na mvua. Christophe-Aimé alikuwa amekunywa bia moja tu, lakini yeye ni mtu wa bia moja.

"Papa Gaju," akasema.

Hajawahi kuniita hivyo. Siku zote ni Monsieur, Monsieur.

"Unajua mimi mujini hapa naitwa nani? Famasia. Wote wananiita hivyo, nawasikia. Nimempeleka shule, nimekaa naye malaria ilipompiga, nimemununulia viatu kila mwaka. Ananipenda, najua. Lakini Papa Gaju ni weye. Hata mama anayeuza samaki kwenye kona, akiniona na Gaju, anamuuliza: Papa yako hajambo?"

Nikaweka chupa yangu mezani.

"Na akicheka," akaendelea, "akicheka kweli, si ile ya adabu, anacheka kama weye. Anatupa kichwa nyuma na anapiga paja. Mimi sipigi paja. Mama yake hapigi paja. Kila akicheka ndani ya hii nyumba, ni weye umeingia. Siku ya ng'ombe, nilikaa safu ya pili nikapiga makofi. Nilirudi nyumbani nikatapika."

Miaka yote hii nilidhani mwenye wivu ni mmoja. Nilitaka kufurahi, naapa nilitaka. Haikuja. Nikamwambia, "Bia yako imeisha," nikammiminia yangu.

Jumamosi, 25 Mei

Umuganda. Nimeomba mwenyewe nipangwe na Christophe. Kiongozi akashangaa. Mvua sasa inakuja mara moja moja.

Jumanne, 28 Mei

Gaju ameniletea tai ya harusi. Nilikuwa mezani, wimbo unapiga kwenye simu, mguu wangu unapiga besi, mikono inakunja, na chini chini naimba. Sikumwona. Alisimama kati ya vitenge hadi tarumbeta iliporudi, na iliporudi nilikuwa nimekwisha kufika, naingoja.

Nikageuka. Macho yake yalikuwa na maji.

Nikangoja aseme. Wivu ukanirudia mzima mzima, nikauliza, "Haujabadilisha mawazo ya dansi?"

"Hapana, Papa. Nilimuahidi."

Nikasema sawa. Safari hii sikupiga teke kitu chochote, lakini nilikitazama kiti.

Jumapili, 2 Juni

Asubuhi. Hakuna hata wingu. Miguu inauma, nitaandika hivyo hivyo.

Jana kanisani yalikwenda vizuri. Ukumbini nilikaa mbele, meza moja na Mukamurenzi. Mtangazaji akaita dansi. Christophe akasimama, suti nyeusi, akavua miwani akaikabidhi kwa mkewe, akaenda kumchukua Gaju. Sikuwa na wivu, ningependa kuandika hivyo. Nilikuwa nao umenijaa hadi kwenye masikio.

Tarumbeta ikaanza. Spika za ukumbi ni kubwa, na yule wa besi alikuwepo, nikamsalimia moyoni kama ndugu. Walicheza vizuri sana. Hawavutani. Gaju alikuwa amefumba macho. Mimi nimekaa na wimbo wangu kifuani, natembea nao.

Wakauacha wimbo, tarumbeta ikaondoka, na hapo Gaju akamnong'oneza Christophe kitu. Sijui alimwambia nini, na sitamuuliza. Christophe akaacha kucheza, akasimama. Kwanza watu walidhani ni mtindo. Kisha tukaona mabega. Analia, mwanaume mzima, katikati ya ukumbi, na bila miwani yake hata haoni pa kuelekea. Gaju anamshika mkono, anajaribu kumrudisha, hawezi, kila wakianza mguu wake unaangukia pasipo pake. Yeye aliyenifundisha! Alikuwa ameupoteza.

Watu wakaanza kupiga makofi ya huruma, yale ya kumaliza mambo. Mtu wa muziki akasogea kwenye mashine ili azime.

Hiyo ilikuwa nafasi yangu. Niandike ukweli, niliiona wazi. Baba mmoja ameshindwa, baba wa pili anainuka, anamchukua binti yake, ukumbi wote unasimama. Hakuna ambaye angenilaumu. Mukamurenzi mwenyewe alinisukuma kiwiko, "Nenda, Balagizi."

Nikaenda. Nikamwonyesha mtu wa muziki kidole, asiguse. Nikafika. Gaju akaniachia mkono mmoja, akidhani nimekuja kuuchukua. Mimi nikamshika Christophe begani, nikaweka mdomo sikioni kwake, nikamwimbia ule mwanzo. Chini chini, bila maneno, kama alivyonifundisha. Na mkono wangu unampigia besi begani.

"Nimeupoteza," akasema.

"Haujapotea. Huu hapa. Bako banauzunguka tu."

Tukasimama hivyo watu watatu, na mimi naimba. Nikamaliza, nikauanza tena. Nikasikia kifua chake kinatulia, kisha naye akaanza kuimba, sauti mbaya kama yangu. Piano ikapungua. Nikajua inakuja. Nikamwambia, "Sasa," nikamwachia bega, na tarumbeta ikarudi ikawakuta wote wawili wametangulia, yeye na Gaju, mguu juu ya wimbo.

Nikarudi kukaa. Mukamurenzi alinisogezea glasi ya maji.

Wimbo ulipoisha watu walipiga makofi muda mrefu, na hayo hayakuwa yangu. Nilikuwa nafuta jasho nilipoona gauni jeupe limejaa mbele ya meza yangu. Gaju akainama hadi shavu lake likagusa langu.

"Papa," akasema, "nimekusikia."

Nikamshika shavu la pili. Basi mtu wa muziki, Mungu ambariki, akaweka rumba, moja ya zile za zamani zangu. Gaju akanivuta mkono. Tukaingia katikati tukicheza polepole, mwimbaji analia mapenzi yake, na yeye amelaza kichwa begani kwangu, upande wa kushoto. Nyuma yake nilimwona Christophe amevaa miwani yake, anapiga besi mezani kwa vidole.

"Bado, Papa," akaniambia nilipotaka kuharakisha. "Ngoja."

Tukangoja wote wawili. Halafu gitaa likabadilika, ngoma zikaamka, Gaju akatupa kichwa nyuma akacheka, akapiga paja, na sebene ikafika.